Sato wangu hawagusi magugu! Nani hasa anakula majani bwawani, na anapenda yapi?

BwawaLangu

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, na mwenye uzoefu asipite kimya kimya.

Nina bwawa la udongo huku Mvomero, mita 20 kwa 15, kina ni nusu mita pembeni na mita moja na robo upande wa toleo. Nimeweka vifaranga vya sato, dume tupu. Siku nanunua, aliyeniuzia alinihakikishia kwamba sato ni mla majani, kwa hiyo magugu yakiota nisihangaike, ni chakula cha bure.

Magugu yameota kweli kweli. Chini kuna jani laini lenye matawi mengi, nikivuta nyavu inakuja majani matupu. Juu kuna vile vijani vidogo vinavyoelea, na kona moja mfereji umeniletea gugumaji kutoka kwa jirani wa juu. Sato wanapita katikati ya hayo yote na hawagusi. Wanasubiri pumba.

Sasa nauliza: sato anakula majani au hali? Kama hali, yupi anakula? Nasikia kuna samaki wa Kichina anafyeka bwawa zima. Na huyo atakayekula, ataanza na lipi kati ya haya niliyonayo?

Chuma_Ulete

Mkuu fukia hapo ulime mpunga. Natania. Naweka kambi, uzi huu naufuata.

FundiBwawa

BwawaLangu, aliyekuuzia kasema kweli nusu. Sato anaishi kwa mimea, ila mimea yake huioni kwa macho: ni mwani mdogo unaoelea na kuyapa maji rangi ya kijani, pamoja na utelezi unaoshika kwenye mawe, vijiti na udongo wa chini. Jani zima la gugu siyo kazi yake.

Usiniamini mimi. Leo ukitoa mmoja wa kitoweo, mfungue taratibu. Pitisha kidole mdomoni: meno ni madogo mno, yamejipanga safu safu, yanakwangua tu. Ingia nyuma kabisa kooni utakuta vibamba viwili vya mfupa, cha juu na cha chini, vimejaa vijimeno vyembamba. Hivyo ndivyo vinavyosaga. Vimeumbwa kwa kitu laini na kidogo, siyo kwa kukata bua. Halafu vuta utumbo. Utavuta mpaka uchoke, umekunjwa ukakunjwa tena, na ukiunyoosha unaweza kufika mara saba ya urefu wa samaki mwenyewe au kupita hapo. Siku ukimpata sangara fanya hivyo hivyo uone utumbo ulivyo mfupi. Mla nyama hana haja ya safari ndefu namna hiyo.

Lakini utumbo peke yake hautoshi, kazi kubwa iko tumboni. Mtafiti mmoja, Moriarty, alifanya kazi Ziwa George kule Uganda na matokeo yake yakachapishwa 1973. Ziwa lile lilikuwa kijani mwaka mzima kwa ule mwani wa bluu-kijani ambao wengi walidhani samaki hawezi kuumeng'enya. Alichokuta ni kwamba sato anatoa tindikali kali mno, pH (kipimo cha tindikali, kikishuka ukali unazidi) inashuka hadi karibu 1.4, na hiyo ndiyo inayopasua kuta za mwani. Cha kufurahisha zaidi, tindikali hiyo haikai muda wote. Usiku samaki hali na tumbo linatulia; alfajiri akianza kula ndipo inaanza kutoka, inapanda kidogo kidogo. Kwa hiyo matonge ya kwanza ya asubuhi yanapita bado ya kijani, hayajafanyiwa kitu. Ya baadaye mchana yanatoka ya kahawia. Ukiwa na sato kwenye tanki la kioo utaliona hilo kwenye kinyesi chake, huhitaji maabara.

Sasa wa majani ni mwingine. Wengi tunamwita perege tu na kumchanganya na wenzake, maana jina perege limebeba samaki wengi. Yupo Coptodon rendalli, mwenye kifua chekundu, na ndugu yake Coptodon zillii, mwenye tumbo jekundu. Ukifungua koo la hawa utakuta meno machache zaidi, manene, yana ncha. Hayo ndiyo ya kuchana jani. Na hata kuzaa hawazai kama sato: sato jike anabeba mayai mdomoni, hawa wanachimba vishimo au wanabandika mayai chini, kwa maelfu, na wazazi wote wawili wanalinda. Hilo la maelfu ulikumbuke, nitalirudia.

Mwanafunzi_SUA

Asante Fundi. Swali: kwa hiyo hawa Coptodon wana kimeng'enya cha kusaga nyuzinyuzi kama ng'ombe?

FundiBwawa

Hapana. Ng'ombe ana bakteria wanaomfanyia kazi kwenye chumba kizima, perege hana chumba hicho. Yeye anapasua seli kwa meno ya kooni na tindikali, anachukua kilichomo ndani, nyuzi zenyewe nyingi zinapita. Ndiyo maana anakula siku nzima na kunya siku nzima. Na ndiyo maana anachagua jani laini: jani gumu linampa kazi kubwa na faida ndogo. Ukiishika hiyo kanuni, nusu ya swali lako la "ataanza na lipi" umeshajijibu.

UjijiMojaMoja

Wa Kigoma niko hapa. Ngoja niwape ya kwetu, maana mnaongelea wala mimea kama vile wako wawili duniani.

Ziwa Tanganyika, ukishuka kwenye mawe maji ya kiunoni, yale mawe yana zulia la mwani. Juu ya jiwe moja utakuta samaki aina tatu nne, wote "wanakula mwani", na hakuna anayekula kitu kimoja na mwenzake. Tropheus anang'ata nyuzi ndefu za mwani na kuzing'oa kwa kutikisa kichwa. Petrochromis yeye ana midomo minene imejaa meno membamba kabisa yenye ncha tatu tatu. Anaubandika mdomo wazi kwenye jiwe na kuchana, anatoa vimwani vidogo vilivyojificha katikati ya nyuzi, nyuzi anaziacha zimesimama. Wajapani wa Kyoto wamekaa miaka mingi ziwani wakiandika haya mambo. Kuna mwingine mdogo mweusi, Variabilichromis moorii, huyo analinda eneo lake, anafukuza kila mla mwani anayekatiza, na mwani ulio ndani ya mipaka yake unakuwa tofauti na wa nje. Mkulima kabisa huyo.

Wanaosafirisha samaki wa mapambo kutoka huku wanajua: Tropheus ukimlisha chakula chenye nyama nyingi anavimba tumbo na kufa. Utumbo mrefu wa mla mwani haukuumbwa kwa hayo.

BwawaLangu

Aisee somo. Lakini wakuu turudi Mvomero. Mimi sina mawe, nina tope na magugu. Nikimleta huyo perege wa majani, atakula lile la chini au vile vya juu? Na gugumaji je?

DadaMizani

Kaka BwawaLangu, nikujibu kwa vitendo. Niko Mwanza, nafuga zillii kwenye matanki nyuma ya nyumba. Nilichoka kusikia kila mtu na orodha yake ya "samaki wanapenda hiki", nikaamua kuwauliza samaki wenyewe.

Namna yenyewe ni rahisi. Chukua majani, yatikise, yafunge kwenye kitambaa cha pamba uzungushe mpaka maji ya juu yatoke, halafu pima kwenye mizani ya jikoni. Usipoyakausha hivyo unapima maji, maana mimea hii yenyewe ni maji zaidi ya asilimia 90. Weka aina mbili kwenye beseni moja, kiasi sawa, funga kila fungu kwa uzi na kijiwe lisielee ovyo. Weka perege. Kesho yake toa, kausha vile vile, pima kilichobaki.

Na jambo ambalo watu wanaliruka: weka beseni la pili lenye majani yale yale bila samaki. Mmea ukiwa majini unaweza kuongezeka au kuoza wenyewe. Bila beseni la pili utamsingizia samaki amekula kumbe jani limeoza.

Nilichoona kwa zillii wangu: wanaanza na gugu laini la chini ya maji, lile lisilo na bua gumu, na wanaanza na ncha changa, shina wanaliacha mwisho likiwa uchi. Dakwidi, yaani vile vijani vidogo vya juu, vinaondoka haraka vile vile. Matembele laini ya shambani wanayagombania. Azola, ule mmea mwingine mdogo unaoelea, wanakula, ila ikiwa pamoja na dakwidi wanamaliza dakwidi kwanza. Mabingobingo wanachana kingo za jani changa, mishipa ya katikati inabaki. Gugumaji hawali jani kabisa. Utawaona wanachokoa kwenye mizizi yake, na ukidhani wanakula mizizi, chunguza vizuri: wanatoa mwani na vidudu vilivyojishikiza humo.

Vifaranga wadogo usiwategemee kwenye hili. Wao wanaanza na vidudu na mwani mdogo, majani wanayahamia wakikua.

Kiboko_Yao

Mbona mimi sato wangu wanakula azola vizuri tu? Narusha, inaisha. Kwa hiyo Fundi umetudanganya kwamba sato hali majani.

DadaMizani

Unawapa na nini kingine?

Kiboko_Yao

Azola tu. Chakula cha kuelea bei imepanda dada, wote tunajua.

DadaMizani

Basi hapo ndipo tunapotofautiana. Samaki mwenye njaa kula kitu siyo sawa na samaki kukipenda. Ukimpa azola peke yake atakula, hasa akiwa mkubwa, azola ni laini na ndogo inaingia mdomoni. Mwekee azola na pumba kwa pamoja uangalie ipi inabaki. Upendeleo unaonekana pale tu anapokuwa na pa kuchagua. Halafu kula ni jambo moja na kukua ni jingine. Wapime uzito, usipime azola iliyoisha.

FundiBwawa

DadaMizani kamaliza. Niongezee hapo hapo kwa sababu ndipo tatizo la BwawaLangu lilipo.

Ziwa Nyasa kuna wale samaki wa mawe, Petrotilapia na wenzake, ambao ukiangalia meno yao unasema huyu kazaliwa kukwangua mwani, hana kazi nyingine. Miaka ya mwanzo ya 80 watafiti wakawakuta, wingu la vidudu vinavyoelea likipita, wanaacha mawe na kupanda juu kula vidudu. Mwani wanaurudia vidudu vikiisha. Yaani meno ya kazi ngumu ni ya siku za shida. Chakula rahisi kikiwepo, hata mla mwani aliyebobea anakifuata.

Kwa hiyo mkuu, hata ukileta rendalli leo, ukiendelea kumwaga pumba na mashudu asubuhi na jioni, atakuja pembeni kusubiri pumba pamoja na sato. Umemlipa mfyekaji mshahara kabla hajashika panga. Wanaomtumia kufyeka wanampunguzia chakula cha mkono mpaka majani yapungue. Wamalawi wanamwita chilunguni, wanamfuga pamoja na makumba ambaye ni mla mwani na mabaki, na kuwarushia majani ya mabingobingo. Chilunguni anachana majani, kinyesi chake kinarutubisha maji, mwani unaota, makumba anakula mwani. Mmoja analisha mwenzake bila kugombana.

NaivashaLakeside

Habari zenu kutoka Kenya. Nimesoma yote na ningependa kuongeza kisa cha ziwa letu, kwa sababu mnazungumzia samaki pekee na majani yana walaji wengine.

Naivasha waliletwa kamba wekundu wa Louisiana mwaka wa 1970, nia ikiwa ni uvuvi. Hawa si wala majani kwa jina, wanakula karibu kila kitu, konokono, mizoga, mabaki. Lakini wana makoleo. Samaki anachana jani, kamba anakata shina chini kabisa na kuliacha lielee. Anaharibu mengi kuliko anayokula. Kufikia miaka ya 80 mimea ya chini ya maji ilikuwa imetoweka karibu ziwa lote, na yungiyungi, zile bustani za maua ya bluu, zikaenda pia. Baadaye kamba walipopungua, mimea ikarudi. Wakaongezeka tena, ikapungua tena. Kilichobaki wakati huo wote unajua ni nini? Gugumaji, ambalo lilifika kwetu mwisho wa miaka ya 80. Laini liliisha, gumu likakaa.

Kwa hivyo ndugu wa Mvomero, mlaji akimaliza anachopenda, unabaki na asichopenda, na sasa hakina mshindani.

BwawaLangu

Hii imenigusa. Kwa hiyo nikileta perege anaweza kunimalizia yale laini na gugumaji likapata nafasi?

NaivashaLakeside

Ndiyo ndugu. Gugumaji toa kwa mkono kwanza, lote, kabla ya kuleta mlaji yeyote.

Mzee_wa_Winam

Vijana, gugumaji lina mlaji wake, lakini si samaki. Mimi nimezeekea Kisumu, nimeona ghuba yetu imefungwa na hilo jani mpaka boti hazitoki. Lilionekana Ziwa Victoria karibu 1989 na 1990, na kufikia 1998 ghuba ya Winam ilikuwa imefunikwa maelfu kwa maelfu ya hekta.

Waliletwa mbawakavu wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, asili yao Amerika Kusini kama gugumaji lenyewe. Uganda waliachia 1995, huku kwetu 1997. Ni mdudu wa milimita nne au tano tu, kijivu au kahawia. Mchana hutamwona, anajificha kwenye maungio ya majani. Usiku ndiyo anatoka kukwangua. Ukitaka kujua kama yuko, geuza jani uangalie vidoa vidogo vyeupe, kila kidoa ni mahali alipong'oa ngozi ya jani. Mwenye madhara makubwa si yeye, ni mtoto wake. Funza anatoboa shina la jani kutoka ndani, anashuka mpaka kwenye moyo wa mmea, maji na kuvu vinaingia, shina linajaa maji na kuzama. Hata kugeuka kuwa mdudu kamili anafanyia kwenye mizizi ya gugumaji.

Huyu mdudu hana pa kwenda pengine. Alijaribiwa kwa mimea mingi kabla ya kuachiliwa, kwa sababu hakuna mtu angekubali mdudu wa kuja kula mpunga wa watu. Mwisho wa miaka ya 90 gugumaji lilipungua sana. Wengine wanasema ni mbawakavu, wengine wanasema mvua za El Niño na mawimbi vilisaidia. Mimi naona vyote viwili. Baadaye lilirudi, maana maji yetu yana mbolea nyingi kutoka mashambani na mijini, mdudu mdogo hawezi kushindana na hiyo peke yake.

Kwa bwawa la mita 20 kwa 15 usitafute mdudu. Tumia mikono.

Mwanafunzi_SUA

Shikamoo mzee. Kwa nini samaki na mifugo hawalitaki gugumaji wakati linaonekana laini na la kijani?

Mzee_wa_Winam

Marahaba. Ng'ombe wanalila kidogo wakikosa kingine. Ila bua ni sponji ya hewa na maji, lishe ni ndogo kwa tumbo linalojaa, na ndani kuna vijisindano vya oksaleti vinavyowasha mdomo. Jani lenyewe lina ngozi ngumu yenye nta. Kwa mdomo wa perege, huo ni mlango uliofungwa.

Tajiri_Mtarajiwa

Mnazunguka sana wakuu. Samaki wa Kichina yupo, mleteni kambi nzima tumalize uzi. Nimeona video, anakula nyasi kama mbuzi.

FundiBwawa

Huyo ni Ctenopharyngodon idella, asili yake mito ya Uchina na bonde la Amur. Ni kweli anakula. Hana tumbo kabisa, ana utumbo tu, na meno ya kooni yenye kingo za msumeno. Kwa sababu hana tumbo la tindikali, karibu nusu ya anachokula kinapita, kwa hiyo anakula kwa wingi wa ajabu. Mdogo mdogo kwenye maji ya moto anaweza kula zaidi ya uzito wake kwa siku.

Lakini sikiliza. Hata yeye ana machaguo. Anapenda yale yale: gugu laini la chini ya maji, dakwidi. Gugumaji halitaki. Na yakiisha hayo laini habaki na njaa kwa adabu, anakwenda kwenye majani ya kingo yanayoshika udongo wako. Kinyesi chake nacho kinageuza maji kuwa supu ya kijani. Marekani walimleta 1963 kwa ajili hiyo hiyo ya magugu, na kabla ya muongo kuisha alikuwa ameshatoroka. Majimbo mengi sasa yanaruhusu tu wale waliofanywa tasa.

Kwetu kuingiza samaki wa kigeni bila kibali ni kosa, tuna Sheria ya Uvuvi ya 2003. Na ukiwa Mvomero, mfereji wako unaishia Wami. Humo kuna perege wa asili, Oreochromis urolepis, ambaye tayari anapata shida kwa kuchanganyika damu na sato waliotoroka mabwawani. Tusimwongezee mgeni mwingine. Hata huyo rendalli, kabla ya kumleta, pita kwa afisa uvuvi wa wilaya umuulize kama anaruhusiwa kwenye bonde lenu.

Nesi_Magu

Naomba nichomekee kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Kwenye hayo magugu laini ya chini, BwawaLangu, umeshaangalia konokono? Wale wadogo wenye gamba bapa lililojiviringisha, na wengine wenye gamba lililochongoka linalofunguka kushoto. Hao nao ni wala mwani na majani yaliyoanza kuoza, na hao ndio wanaobeba kichocho. Wanapenda magugu kwa sababu majani yanawapa utelezi wa kukwangua, kivuli, na mahali pa kubandika mayai. Hawali gugu bichi sana, wanakwangua juu yake.

Senegal watu walifanya hivi: waliondoa magugu ya chini ya maji kwenye sehemu ambazo wanakijiji wanachota na kuogea, konokono wakapungua, na watoto waliotibiwa wakaambukizwa tena kwa kiasi kidogo kuliko vijiji vingine. Magugu yaliyotolewa yakawa mboji na chakula cha mifugo. Matokeo yalitoka 2023. Kwa hiyo ukiingia kuyatoa, vaa buti ndefu za mpira na glavu, na watoto wasiingie.

BwawaLangu

Dada Nesi nimekwenda na tochi kuangalia. Wapo, wale bapa, wamejaa chini ya majani. Vijana wangu wanaingia humo pekupeku kila siku.

Nesi_Magu

Wapeleke wote kituo cha afya wapimwe, mkojo na choo. Dawa ipo, ni prazikwanteli. Na waache kuingia mpaka usafishe.

Chuma_Ulete

Swali la kijinga: kiboko je? Anaishi majini, anakula majani, tatizo limeisha.

UjijiMojaMoja

😂 Kiboko analala majini, usiku anatoka kwenda kula nyasi nchi kavu, hadi kilo 40. Asubuhi anarudi kunya majini. Kule chemchemi za Mzima, Tsavo, samaki wanaoitwa ningu wanamfuata nyuma wanakula mavi yake na mwani ulioshika kwenye ngozi. Kwa hiyo ukileta kiboko utapata samaki wanene na magugu mengi zaidi.

BwawaLangu

Wakuu nimekusanya. Mpango wangu niupitishe mbele yenu mkosoe. Gugumaji natoa lote kwa mkono. Lile la chini natoa kwa reki, sehemu kubwa, natengeneza mboji mbali na bwawa. Vya juu nachota kwa chandarua chakavu nawapa bata. Sato wanabaki. Perege wa majani nitamuulizia kwa afisa uvuvi, nikiruhusiwa naleta wachache wakubwa, siyo vifaranga. Pumba napunguza. Imekaaje?

FundiBwawa

Imekaa, lakini hujagusa chanzo. Magugu yako yameota kwa sababu kingo ni nusu mita na maji ni meupe, mwanga unafika chini. Ukimaliza msimu, punguza maji, chimba kingo zifike angalau robo tatu ya mita, ikiwezekana mita. Halafu rutubisha kwa samadi iliyooza ndani ya gunia, uiloweke kona moja, mpaka maji yapate ukijani. Kipimo chake: nyoosha mkono, uzamishe taratibu ukiangalia kiganja. Kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, simamisha samadi. Kikipotea mapema kabla ya kiwiko, umezidisha, alfajiri utawakuta wanapumulia juu. Ukikiona bado hata maji yakiwa yamefika begani, magugu yatarudi.

Hapo ukijani unafunika mwanga wa gugu na wakati huo huo ndio chakula halisi cha sato wako. Hilo ndilo jani lake.

Na kwenye ingizo la mfereji funga wavu wa matundu madogo, jirani yako hataacha kukutumia gugumaji.

DadaMizani

Mimi nina moja tu. Hao perege kama ni jike na dume mchanganyiko, kumbuka yale maelfu aliyosema Fundi. Wanaanza kuzaa wakiwa bado wadogo, mwisho unakuwa na bwawa la visamaki vya saizi ya kidole, sato wako hawakui. Tafuta wa jinsia moja, au weka wachache na uwe unatoa vifaranga kwa nyavu ndogo mara kwa mara.

Kiboko_Yao

Au aweke kambale wale hao watoto.

DadaMizani

Anaweza, kambale wachache, wawe wadogo kuliko sato wake. Ila awaweke sato wakiwa wameshakua, la sivyo kambale ataanza na walioko mbele yake.

Tajiri_Mtarajiwa

Na kambale yeye anakula gugu?

FundiBwawa

Anakula anayekula gugu.